Pilipili Hulelewa Kivulini: Historia ya Mche Tunaousia Nyumbani

   Vuta kigoda ukae karibu, na kama macho yamechoka mwite mjukuu akusomee.

Leo hatuanzi na mbolea wala dawa ya wadudu. Leo tunaanza na swali. Swali hilo niliulizwa na bibi mmoja wa Mlali, wilaya ya Kongwa, na lilinifunga mdomo mbele ya mkutano mzima.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kufanya kazi huko. Nilikuwa nimetoka chuo cha kilimo na daftari langu limejaa, na mtu mwenye daftari lililojaa ni mwepesi wa kusema. Kikundi cha akina mama kumi na wawili kilikuwa kimechanga fedha kidogo kidogo, huyu ameuza kuku, yule ameuza ubuyu, wakanunua mbegu ya pilipili kali. Wakaniuliza, bwana shamba, tuipande vipi? Nikawaambia wangoje mvua ya kwanza, walainishe udongo, wavute kamba, kisha wasie mbegu moja kwa moja shambani. Wakafanya vile vile nilivyosema. Mvua ikanyesha siku mbili, halafu ikanyamaza siku kumi na saba. Ardhi ikafunga juu kama sakafu. Vichipukizi vichache vilivyopata njia vililiwa na panzi na kuku, na vilivyobaki jua likavimaliza. Fedha ya kikundi ikawa imekwenda.

Tulipokutana kuzungumza juu ya hasara hiyo, bibi mmoja akainua mkono. Akasema, "Mwanangu bwana shamba, chini ya mwembe wangu pale uani pilipili kichaa imejiotea, mashina saba, na hakuna aliyeipanda ila ndege. Wewe umeipanda kwa kamba na vijiti, haikuota. Sasa kati yako na ndege, nani amesoma?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, lakini kicheko changu kilikuwa cha aibu. Kosa halikuwa la mvua peke yake, wala la akina mama. Kosa lilikuwa langu. Basi nikatafuta jibu la yule bibi, na nikalikuta katika historia ya mmea wenyewe. Ndiyo maana leo nakuletea historia, ndugu mkulima. Ukijua pilipili ilizaliwa wapi na ililelewa na nani, utajua mwenyewe kwa nini mche wake hutaka kuanzia nyumbani.

MMEA ULIOZALIWA CHINI YA MTI

Wengi wetu tunadhani pilipili ni ya hapa hapa, maana tumeikuta kwa mababu. La, hasha. Pilipili zote, kichaa, mbuzi, hoho na nyingine kali unazozijua, asili yake ni bara la Amerika. Huko zinapatikana mpaka leo pilipili za porini, vitunda vidogo vyekundu kama shanga. Wataalamu wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya wanga wa pilipili katika mawe ya kusagia na vyungu vya kupikia huko Ekwado, na mabaki hayo yana umri wa zaidi ya miaka 6,000. Kwa hiyo watu walikuwa wakiitia mbogani kabla Misri haijajenga piramidi zake.

Sasa sikiliza habari ya ndege. Ukali wa pilipili una kazi yake. Panya akiitafuna anaungua mdomo, anaitema. Ndege yeye hausikii ule ukali hata kidogo, anameza kitunda kizima na kwenda zake. Mwaka 2001 wataalamu wawili, Joshua Tewksbury na Gary Nabhan, walitangaza majaribio waliyofanya juu ya pilipili ya porini ya Arizona, kusini mwa Marekani, nchi kavu yenye miiba kama kwetu. Mbegu zilizoliwa na panya hazikuota, maana meno ya panya huzisaga. Zilizopita tumboni mwa ndege ziliota vizuri. Kumbe mmea umejichagulia mchukuzi wake.

Lakini jambo kubwa kwetu ni mahali ndege anapoziacha mbegu hizo. Ndege akishashiba haendi kutua katikati ya uwanja wa jua. Anatua mtini, penye kivuli na usalama. Kinyesi chake huanguka chini ya mti, na hapo ndipo mche wa pilipili huanza maisha. Chini ya mti jua halichomi, udongo haukauki upesi, majani makavu yamefunika ardhi, na upepo umekatwa. Tunaweza kuuita mti huo mti mlezi. Katika nchi kavu, mche wa pilipili ya porini ulioangukia nje ya kivuli ni nadra kuishi.

Hilo ndilo jibu la kwanza la bibi wa Mlali. Mwembe wake ulikuwa mti mlezi. Ndege hakujua kupanda kuliko bwana shamba, ila alipanda kivulini, na bwana shamba akapanda juani.

WAKULIMA WALIOUIGA MTI

Je, wakulima wa zamani huko Amerika walilifahamu jambo hili? Walilifahamu sana. Katika bonde la Meksiko, kabla Wahispania hawajafika mwaka 1519, Waazteki na jirani zao walilima mashamba waliyoyajenga ndani ya maziwa yenye maji ya kina kifupi. Mashamba hayo huitwa chinampa, na mengine yanalimwa mpaka leo mahali paitwapo Xochimilco, ndani ya mji wa Meksiko.

Angalia kazi yao. Mkulima huchota tope laini chini ya mfereji, akalitandaza pembeni kama unavyotandaza mtama juani. Tope likianza kushikana, hulikata vipande vya mraba. Kila kipande hukitoboa tundu, akatia mbegu, akaifukia kwa samadi. Kisha hufunika kitalu chote kwa majani au matete ili jua na baridi visiudhuru mche. Mche ukishapata nguvu, anabeba kile kipande kizima na kukipandikiza shambani, mizizi ikiwa bado imelala ndani ya tope lake, haijaguswa. Pilipili ni moja ya mimea iliyolelewa hivyo.

Ndugu mkulima, trei ya plastiki yenye vishimo unayoiona madukani leo si uganga mpya. Ni kile kile kipande cha tope, kimebadilika sura tu. Na mtu asiye na fedha ya trei asijione maskini wa elimu. Chombo si hoja. Hoja ni kwamba mche ulelewe mahali padogo panapolindika, ndipo utoke kwenda mahali pakubwa pasipolindika.

Wenzetu wa nchi za baridi nao wamelishika somo hilo kwa sababu yao. Uingereza au kaskazini ya Marekani, mpenda pilipili husia mbegu ndani ya nyumba mwezi wa Februari au Machi, nje kukiwa na baridi kali. Huweka vyungu dirishani au chini ya taa, miche ikatoka nje baridi ikishakwisha. Wao wanakimbia baridi. Sisi wa Mlali tunakimbia jua, ukame, kuku na mbuzi. Adui ni mbalimbali, lakini ngome ni moja, nayo ni nyumba.

SAFARI YA KUJA KWETU

Sasa pilipili ilifikaje kwetu? Christopher Columbus alipovuka bahari mwaka 1492 alikuwa anatafuta njia ya kwenda Mashariki, kwenye viungo, na kiungo kilichokuwa na thamani kubwa kilikuwa pilipili manga. Hakuipata. Alikuta kitunda chekundu kikali kuliko hicho alichokifuata, akarudi nacho, na watu wa Ulaya wakakipa jina lile lile la pilipili waliyoizoea.

Nasi tulifanya vivyo hivyo. Watu wa pwani yetu walikuwa wakijua pilipili manga tangu zamani, kwa biashara ya Bara Hindi na Uarabuni. Manga ni jina la kale la nchi ya Uarabuni upande wa Omani. Wareno walifika Mombasa na Malindi mwaka 1498 wakiongozwa na Vasco da Gama, na mwaka 1505 wakaiteka Kilwa. Katika karne ile ya 16 meli zao ziliunganisha Brazili, Afrika na Goa huko Bara Hindi, na mazao ya Amerika yakasafiri humo: mahindi, muhogo, nanasi, korosho, na pilipili. Kilipofika kitunda kipya, Mswahili akakiita pilipili, kisha akaongeza jina la pili ili kutenganisha: hii manga, hii hoho, hii kichaa, hii mbuzi. Hata Wareno wa Msumbiji waliliazima neno hilo, ndiyo maana ukali wao wanauita piri-piri.

Kisha pilipili ikawa biashara. Karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, pilipili ndogo kali za Unguja na Mombasa zilikuwa zikijulikana katika soko la London kwa majina ya bandari zilikotoka. Zilitumika jikoni, na zilitumika pia katika dawa za kuchua viungo vinavyouma.

Na huku bara? Kumbuka kwamba njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa, ndipo ikaingia Ugogo. Henry Morton Stanley alipita Mpwapwa mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Misafara ilipumzika hapo kwa ajili ya maji na chakula, kwa kuwa mbele kulikuwa na nyika kavu. Kwa njia kama hizo vyakula vya pwani vilipanda bara, na mwaka 1910 reli ya kati ilipofika Dodoma njia ikawa fupi zaidi. Pilipili ni abiria asiye na taabu: ikikauka haiozi, ni nyepesi, na kitunda kimoja kina mbegu za kuanzisha ukoo mzima. Ikishafika uani mara moja, ndege wanamalizia kazi.

Ndiyo sababu mpaka leo, ukienda katika miji mingi ya Mlali, pilipili hutaiona katikati ya shamba la mtama. Utaiona uani, karibu na karo, chini ya mti, ubavuni mwa ukuta. Bibi zetu hawakusoma habari za Arizona wala Meksiko, lakini waliiweka palipo na kivuli na maji ya kuoshea vyombo. Na mbegu zao walizitundika jikoni ndani ya tembe, mahali pakavu, moshi ukafukuza wadudu. Elimu hiyo ilikuwapo kijijini siku nilipofika na daftari langu. Sikuiuliza.

SOMO LA KONGWA

Mimi si wa kwanza kukosea hivyo katika wilaya hii. Wazee wa Kongwa wanaujua mpango wa karanga. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa Company aliishauri serikali ya Uingereza ilime karanga nyingi Afrika ya Mashariki ili kupata mafuta ya kula, maana baada ya vita mafuta yalikuwa adimu. Ujumbe wa watu watatu ulioongozwa na John Wakefield ukaja kukagua nchi, sehemu kubwa kwa ndege. Mpango ukapitishwa wa ekari milioni 3 na zaidi, na mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa kwa matrekta na matingatinga.

Mwaka huo wa kwanza walikusudia kulima ekari 150,000; walizofanikiwa kupanda ni kama 7,500. Mizizi ya vichaka ilivunja majembe. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi, na mvua ikikatika hukauka ukawa mgumu kama tofali. Na mvua yenyewe ilikatika. Januari mwaka 1951 mpango ukafutwa, na hasara ilikuwa kama paundi milioni 36.

Karanga si pilipili, na karanga haisiwi kitaluni. Lakini kuna jambo moja linalotuhusu. Waliopanga walisoma wastani wa mvua, hawakusoma mapengo yake. Kwa mwaka, Dodoma hupata kama milimeta 500 hadi 600, nayo hunyesha katika msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili. Ukiiandika kwenye karatasi inatosha mimea mingi. Lakini hainyeshi kama kwenye karatasi. Hunyesha, hunyamaza, hunyesha tena, na mara nyingi Februari huleta kiangazi kidogo katikati ya msimu. Mmea mkubwa wenye mizizi ya chini huvumilia pengo la majuma mawili. Mbegu ya pilipili iliyofukiwa nusu sentimeta haivumilii hata siku nne.

Mimi nilifanya mpango wa karanga mdogo wa akina mama kumi na wawili. Kwao hasara ilikuwa fedha yote ya kikundi.

HESABU YA MAJUMA

Sasa tuje kwenye hesabu. Chukua kijiti uandike chini.

Tuseme mvua ya kuaminika imeanza tarehe 10 Desemba. Ukisia pilipili shambani siku hiyo, na bahati ikawa yako, itaota karibu na tarehe 24. Mche wake huchukua majuma sita mpaka manane kupata nguvu. Hapo umefika katikati ya Februari, na kiangazi kidogo kinabisha hodi. Kutoka hapo mpaka kuchuma ni miezi miwili na nusu hadi mitatu. Umefika Mei. Mvua imekwishaondoka, na wewe unabeba ndoo kichwani kuokoa maua.

Geuza hesabu. Sia mbegu nyumbani mwisho wa Oktoba. Mwisho wa Desemba, mvua imeshika, ardhi imelowa chini, nawe una mche wa majuma manane. Unaupandikiza. Machi katikati au mwishoni unaanza kuchuma, na Aprili mvua bado inakusaidia. Umepata majuma kama sita bila kuongeza hata tone moja la mvua. Huwezi kuirefusha mvua ya Dodoma, lakini unaweza kuikuta ukiwa tayari.

Na maji ya kulelea miche? Miche 500 inakaa mahali padogo kama mkeka. Ndoo moja kwa siku huitosha, nusu asubuhi na nusu jioni. Miche hiyo hiyo ikipandwa kwa nafasi ya sentimeta 75 kwa 45 inajaza kipande cha meta 13 kwa meta 13. Fikiria kukimwagilia kipande hicho chote kwa ndoo kuanzia siku ya mbegu.

NAMNA YA KUFANYA

Kwanza, ipime mbegu. Hesabu mbegu 20, zilaze usiku mmoja katika maji safi, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, uzihifadhi mahali penye joto jikoni, si juu ya moto. Zikichipua 15 na zaidi, mbegu ni njema. Zikichipua tano, usipoteze udongo wako. Mbegu iliyokaa zaidi ya miaka miwili au mitatu usiiamini kabla ya kuipima. Unapotoa mbegu katika pilipili kali, usijipanguse macho. Nadhani sina haja ya kueleza zaidi.

Pili, udongo. Changanya madebe matatu ya udongo mzuri wa juu, mawili ya samadi iliyooza kabisa, na moja la mchanga. Umwagie maji yanayochemka, uache upoe. Maji hayo hupunguza wadudu na vijidudu vya ugonjwa wa kinyausi, ule unaokata mche shingoni ukaanguka ghafla.

Tatu, chombo. Trei, kopo, kibuyu kilichokatwa, kiriba, vyote vinafaa, mradi kitobolewe chini maji yatoke. Weka mbegu mbili kila kishimo, kina cha nusu sentimeta hadi sentimeta moja, funika kwa nyasi safi. Pilipili hupenda joto la nyuzi 25 hadi 30 ili iote, na Oktoba kwetu joto hilo ni la bure. Nyingi zitaota kati ya siku 7 na 14. Kichaa ni mvivu, huweza kuchukua majuma matatu na zaidi, usimtupe.

Nne, mwanga. Hapa nasimulia kosa langu la pili, ili wewe usilirudie. Mwaka uliofuata akina mama walinipa mbegu kijiko kimoja tu, na sikuwalaumu. Tukasia katika makopo, tukayaweka ndani ya tembe la mmoja wao, mahali pa joto, salama kabisa. Ziliota vizuri. Lakini tembe lina giza, na tuliziacha humo siku nane baada ya kuota. Miche ikarefuka, myembamba, myeupe, ikalala chini kama uzi. Tulipoteza nusu. Ndugu mkulima, mbegu inaota gizani, mche haukui gizani. Siku ile unapoona wa kwanza unachungulia, ondoa nyasi, uvitoe vyombo barazani au chini ya mwembe, kwenye kivuli chepesi, juu ya kichanja ambacho kuku hakifikii.

Tano, ulinzi. Chandarua kuukuu huzuia kuku na panzi. Inzi weupe ni wadogo, hupenya, nao hueneza ugonjwa wa majani kujikunja. Kwa hiyo kila asubuhi pindua majani uangalie chini yake. Anayevuta tumbaku anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche, maana tumbaku na pilipili ni ukoo mmoja na huambukizana. Kwa sababu hiyo hiyo usiipeleke pilipili penye shamba la jana la nyanya, bilinganya au viazi mviringo. Maji mwagia kidogo kidogo. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope.

Sita, kuzoesha. Mche uliolelewa kivulini ukiutupa juani siku moja utaungua. Siku saba hadi kumi kabla ya kupandikiza, utoe juani saa moja, kesho saa mbili, kesho kutwa tatu, na maji upunguze. Ukiwa na majani matano au sita na urefu wa sentimeta 10 hadi 15, uko tayari. Pandikiza jioni au siku ya mawingu, na udongo wake wote, kama wale wa chinampa. Ukiweza, kata tawi lenye majani ulichomeke upande wa magharibi wa kila mche kwa juma la kwanza. Hapo unaupa mti wake mlezi kwa mara ya mwisho.

MANENO YA KUAGANA

Kikundi kile cha Mlali kiliingia msimu wa pili na miche 140 iliyonusurika lile giza la tembe. Hatukupata mali. Tulichuma, tukauza gulioni, na akina mama wakarudisha fedha yao ya mbegu, wakabakiwa na kidogo. Mwaka wa tatu walisia wenyewe mwisho wa Oktoba, nami nilifika nikakuta makopo yamepangwa barazani, chandarua juu, na mtoto amewekwa zamu ya kufukuza kuku. Hakuna aliyeniuliza tuipande vipi.

Yule bibi alikuwa amekaa chini ya mwembe wake. Nikamwambia, bibi, jibu la swali lako nimelipata: ndege hakusoma, ila alichagua mahali. Akaniambia, "Haya mwanangu. Basi na wewe siku nyingine kabla hujatuambia pa kupanda, tuulize kwanza vinapoota."

Hilo nimeliandika mwanzo wa daftari langu jipya.

Kazi yako juma hili, ndugu mkulima, ni mbili. Tembea uani kwako na kwa jirani, utazame pilipili zilizojiotea zimeota wapi, kivuli kiko upande gani, na maji yanapita wapi. Halafu hesabu mbegu 20, uzifunge katika kitambaa chenye unyevu. Mpaka tutakapokutana tena, nakutakia kazi njema na mvua ya kutosha. Kwaheri.